Gari Lililokataa Kuzima

Wiki iliyopita mliniacha kwenye gereji ya Fundi Kesho, nimekaa juu ya tairi bovu, nozeli za gari langu, vile vimirija vya kupulizia dizeli kwenye injini, zimepangwa kwenye gazeti kama meno ya mtu aliyepigwa. Gazeti lenyewe lilikuwa hili hili mnalolisoma. Nozeli moja ilikuwa imedondokea juu ya hadithi yangu, pale pale ninapolalamika kuhusu nozeli.

Kwa aliyechelewa kujiunga na msiba huu: mimi ndiye yule kijana aliyenunua gari la dizeli lililokwisha kutumika. Muuzaji alilipasha moto kabla sijafika, nikalikuta linanguruma taratibu kama paka aliyeshiba, nami nikadhani ndiyo tabia yake. Kesho yake asubuhi, injini ikiwa baridi, likakohoa mpaka jirani akaja kuuliza ni nani anaumwa.

Nikabadilisha plagi za kupashia moto. Likawaka, likatoa moshi mweupe. Nikatibu mweupe, ukaja mweusi. Nikatibu mweusi, ukaja wa bluu. Mtaani sasa jina nililopewa na wazazi limekufa, naitwa Moshi.

Wapo wasomaji walioniandikia: "Uza hilo gari upumzike." Ahsanteni. Nimuuzie nani? Adui yangu? Nimejichunguza, sina adui wa kiwango hicho.

Halafu mnasahau kwa nini nililinunua. Figo za Mama ziligoma. Mashine ya kusafisha damu iko kwenye hospitali ya mji wa pili, na kila wiki lazima aende, arudi, aende tena. Mjomba, mdogo wake Mama, ndiye aliyeuza mashine yake ya kusaga unga ili tupate usafiri wetu wenyewe. Na ndiye aliyenishauri.

"Chukua dizeli, mjomba," aliniambia. "Mashine yangu ilikuwa ya dizeli. Dizeli haifi."

Msishangae kusikia ananiita mjomba. Mimi namwita mjomba, naye ananiita mjomba. Mtu akiita mjomba getini tunaitika wawili.

Basi. Nozeli zilisafishwa, zikarudishwa. Fundi Kesho akaliwasha gari, likawaka kwa mara moja. Nikataka kumkumbatia. Akanizuia kwa mkono wenye grisi.

"Usifurahi sana. Ule moshi wa bluu bado upo."

"Si umesema nozeli ndizo zilikuwa mbovu?"

"Nozeli zilikuwa mbovu, ndiyo. Na turbo nayo mbovu. Kwani mtu akiumwa jino haruhusiwi kuumwa na tumbo? Moshi wa bluu maana yake injini imeanza kunywa oili yake yenyewe. Turbo yako imechoka, badala ya kusukuma hewa tu kwenye injini inapitisha na oili, inaungua humo humo."

"Sasa?"

"Sasa liendeshe kwa adabu mpaka nikupatie turbo nyingine."

"Lini?"

"Kesho."

Jina la Fundi Kesho hakupewa na wazazi wake pia.

Nililichukua hivyo hivyo. Nisingeweza kungoja. Mama alikuwa amekosa safari moja ya mashine kwa sababu gari lilikuwa kwenye gazeti, vipande vipande. Miguu ilikuwa imevimba, viatu vyake vimemkataa, amevaa kandambili za Mjomba. Akilala chali anakosa pumzi, kwa hiyo usiku analala ameketi.

Sista anayesimamia chumba cha mashine alinipigia mwenyewe.

"Kijana, kesho asikose. Unanisikia? Maji yanapanda kifuani."

"Nakusikia, sista."

"Wewe una utani mwingi, nakujua. Hili si la utani. Akikosa na kesho, usije kuniuliza mimi kilichotokea."

Sikutania. Nilisema ndiyo, sista, tena nikasimama wakati nazungumza naye, kama niko mbele ya mwalimu mkuu.

Asubuhi ilipofika nilikuwa nampitisha Mama kwenye ngazi. Tunakaa ghorofani, na ngazi zetu ni nyembamba, mwashi alizijenga akiwa na hasira na watu wanene. Mama anashuka ngazi moja, anapumzika. Anashuka nyingine, anapumzika, anasema neno.

"Nyie watoto wa siku hizi mnajenga mbali na ardhi."

"Mama, tumepanga tu. Aliyejenga ni mzee kuliko wewe."

"Basi mwambie mwenzangu amenikosea."

Mjomba alikuwa ameshatangulia chini kwenye gari. Tulipofika pale ngazi zinapokunja kona kuna dirisha linaloangalia uani. Nikakumbuka kitu. Nikatoa kichwa.

"Mjomba!"

"Naam, mjomba!"

"Ongeza mafuta! Dumu liko nyuma ya mlango wa stoo!"

Akaingia stoo, akatoka na dumu, akaliangalia gari, akaniangalia mimi juu.

"Mafuta ya kuweka wapi?"

Madirisha mawili matatu yalikuwa yameshafunguka. Nyumba yetu ukipiga kelele asubuhi unapata hadhira, na mimi nikipata hadhira akili inahama.

"Kwenye gari, Mjomba! Au ulitaka kujipaka?"

Ua mzima ukacheka. Jirani wa chini akaongeza, "Mpake mgongoni, hafikii!" Mjomba mwenyewe akacheka, akatikisa kichwa, akasema, "Haya, bingwa wa maneno, umeshinda." Nikamwona anafungua boneti. Nikajisemea, mzee wa watu anaangalia na maji ya rejeta, anafikiria kila kitu.

Nikarudi kumshika Mama.

"Usimchezee sana mjomba wako mbele za watu," akasema. "Anapenda, lakini usimzoeze."

Tukaondoka. Mjomba mbele kando yangu, Mama nyuma ameegemea mito. Mshale wa tangi ulikuwa umejaa, lakini msiuamini. Mshale huo umekwama kwenye kujaa tangu siku niliponunua gari. Ndicho kitu pekee ndani ya gari hilo chenye matumaini.

Na gari siku hiyo lilikuwa zuri, jamani. Lilikuwa laini. Halikugonga, halikukohoa. Tukatoka mjini, tukashika barabara kuu.

"Nozeli hizo," akasema Mjomba, amekunja mikono kama mwenye mali. "Mashine yangu ilikuwa hivi hivi. Ukisafisha nozeli inaimba."

"Iko wapi sasa hiyo mashine yako?" Mama akamuuliza kutoka nyuma.

"Iko kwa aliyeinunua, dada. Inaimba huko."

Mama akajiegemeza kwenye mito, akasema, "Mimi na hili gari ugonjwa wetu mmoja. Si juzi mlilibadilisha chujio la dizeli? Na mimi chujio."

"Tofauti yenu, Mama, lako halipatikani dukani."

Neno lilishatoka ndipo nikalisikia. Kuna maneno ukiyasema unatamani kuyarudisha mdomoni kwa mkono. Mjomba akageukia dirishani.

Mama ndiye aliyeniokoa. Alicheka mpaka akakohoa. "Lingekuwa linapatikana, fundi wako angeniambia kesho."

Tukacheka wote watatu. Nalikumbuka cheko hilo kwa sababu halikurudi tena siku hiyo.

Barabara ikaanza kupanda mlima. Nikakanyaga mafuta kidogo, kwa adabu, kama fundi alivyosema. Gari likapanda. Nikaona linapanda vizuri mno. Nikapunguza mguu. Likaendelea kupanda. Nikaondoa mguu kabisa. Likaongeza mwendo.

"Safi!" akasema Mjomba. "Limepata nguvu!"

"Mjomba, sijakanyaga."

"Hujakanyaga nini?"

"Mafuta. Sijakanyaga kitu. Tazama mguu wangu."

Akainama akautazama mguu wangu, ukiwa hewani. Akaitazama barabara, inakuja mbio. Sura yake ikabadilika.

Nikatazama kioo cha nyuma ili nione barabara, sikuiona. Kulikuwa na moshi tu, mzito, wa rangi ya majivu, umefunika kila kitu tulichokiacha. Malori nyuma yetu yalikuwa yanapiga honi humo ndani bila kuonekana.

"Mwanangu, punguza mafuta," akasema Mama kwa upole, kama anayeniomba nipunguze redio.

"Nimepunguza, Mama!"

Nikakanyaga klachi ili kuitoa injini kwenye magurudumu. Kosa. Injini ilipoachiliwa peke yake ikapiga ukunga. Sijawahi kusikia chuma kikilia namna ile. Dashibodi ikatetemeka, kifuniko cha redio kikaruka. Nikaitoa kwenye gia, nikakanyaga breki kwa nguvu zote, tukaingia pembeni ya barabara na mawe yakipiga chini, gari likasimama.

Magurudumu ndiyo yaliyosimama. Injini haikusimama.

Nikazungusha funguo. Nikazima.

Haikuzima.

Nikawasha nikazima tena. Nikachomoa funguo kabisa. Nikawa nimekaa na funguo mkononi, na gari linaunguruma mbele yangu kama halinijui.

"Limekataa nini tena?" Mama akauliza.

"Limekataa kuzima, Mama."

"Muda wote huu limekuwa likikataa kuwaka."

"Ndiyo, Mama. Leo limetubu."

Tukamtoa haraka. Mjomba alimbeba mgongoni, dada yake mkubwa, mzito kwa maji, akakimbia naye hatua za mzee mpaka kwenye ukingo wa mtaro, mbali na moshi. Mimi nikampigia fundi. Sikuongea. Nilielekeza simu kwenye gari.

"Hiyo ni nini?" akasema Fundi Kesho. "Uko uwanja wa ndege?"

"Ni gari langu!"

"Zima!"

"Funguo ninazo mkononi, fundi! Nimechomoa! Linaendelea!"

Akazungumza kwa sauti ambayo sikuijua.

"Sikiliza. Linakunywa oili yake, halihitaji funguo wala dizeli ya tangi. Litaendelea hivyo mpaka liipasue injini. Ingia ndani. Weka gia ya mwisho. Kanyaga breki mpaka goti liume. Halafu achia klachi ghafla, breki iikabe injini. Sasa hivi!"

Miezi yote hiyo, ndugu zangu, sikuwahi kumsikia yule mtu akisema sasa hivi. Hapo ndipo nilipoogopa.

"Likinipasukia nikiwa ndani?"

"Basi simama mbali ulitazame linavyokufa. Chagua."

Nikamtazama Mama, ameketi ukingoni, mkono kifuani, anavuta pumzi kwa mdomo. Hospitali ilikuwa bado mbali. Gari lilikuwa ndilo hilo moja.

Nikaingia.

Kule ndani hupati kufikiri, kelele inakujaa mpaka kwenye meno. Nikakanyaga klachi. Gia ikakataa, ikasaga, ikaingia. Nikakanyaga breki kwa mguu wa kulia mpaka nikainuka kwenye kiti. Nikasema neno ambalo gazeti hili haliwezi kuliandika. Nikaachia klachi.

Gari likaruka kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Harufu ya klachi kuungua ikajaa. Likatetemeka, likapambana na mimi, likapambana, likakata.

Kimya.

Nikasikia ndege. Nikasikia matairi ya magari yanayopita. Nilitoka, nikakaa chini barabarani.

Mjomba akaja mbio, akanishika mabega, akanitikisa kwa furaha. "Umeliweza! Umeliweza, mjomba! Na umeona? Limelia vile na halijavunjika! Si nilikwambia dizeli haifi?"

Simu bado ilikuwa hewani. Nikaiweka kwenye spika.

"Limezima?" akauliza fundi.

"Limezima."

"Hongera, bado una mikono. Sasa fungua boneti, chomoa kile kijiti cha kupimia oili. Kuna kitu sikielewi. Turbo ile ilichoka, lakini haikuwa ya kufanya hivi leo."

Nikafungua, nikachomoa kijiti. Oili huwa inafika ncha tu, pale kwenye alama. Hiki kilikuwa kimelowa karibu mpaka kwenye kishikio, na kilichokilowanisha kilikuwa chepesi, kinachuruzika kama chai. Nikanusa.

"Fundi, inanuka dizeli."

"Nini?"

"Oili inanuka dizeli. Na imejaa mpaka juu."

"Nani amemimina dizeli kwenye oili?"

Nilitaka kujibu hakuna. Mdomo ulishafunguka. Kisha nikamwona Mjomba. Furaha ilikuwa bado usoni pake, haijapata taarifa.

"Mimi niliweka mafuta," akasema. "Asubuhi. Ulivyoniambia."

"Uliweka wapi, Mjomba?"

"Si hapa." Akaonyesha kwa kidole. Juu ya injini, mfuniko mweusi. "Una picha ya birika linadondosha mafuta. Nikajua ndipo penyewe. Kwani nyie mnaweka wapi?"

"Ubavuni, Mjomba. Kule nyuma, kuna kijimlango."

Akaenda kuangalia. Aliuzunguka ubavu wa gari, akakipapasa kile kijimlango cha tangi, akarudi polepole.

"Mashine yangu tangi lilikuwa juu ya injini," akasema. "Maisha yangu yote nimemimina juu." Kisha sauti ikashuka. "Na nilikuuliza, mjomba. Nilisimama pale na dumu nikakuuliza, ya kuweka wapi."

Aliniuliza. Ua mzima ni shahidi kwamba aliniuliza, na ua mzima ni shahidi wa nilichomjibu.

Kwenye simu fundi alikuwa anaongea peke yake. "Ndiyo maana kwangu hapa nimekataza neno mafuta. Mtu aseme dizeli, aseme oili, aseme petroli. Mafuta ni ya kukaangia..."

"Fundi," nikamkata. "Nikimwaga hii oili yote nikaweka mpya, litatufikisha?"

"Usiliwashe. Hata kwa kujaribu."

"Tuko nusu ya njia. Mama yangu..."

"Najua uko na nani. Oili ikichanganyika na dizeli inakuwa maji, turbo mbovu ikainywesha injini, vyuma vimesagana vikavu muda wote huo. Ukiliwasha linaweza kukataa kuzima tena, au likakwama moja kwa moja na nyie mko mlimani. Achana nalo, kijana."

"Litapona?"

Nilisikia nyundo ikigonga mahali fulani nyuma yake. Ikanyamaza.

"Kesho nitakuja kulivuta," akasema.

Sikucheka. Alilisema kama daktari anayewaambia ndugu waende nyumbani wakapumzike.

Nikageuka. Mjomba alikuwa amechuchumaa mbele ya gari, viganja viwili vimejaa oili, amevishika mbali na shati lake, analia. Mtu mzima, ndevu nyeupe, aliyeendesha mashine tangu sijazaliwa. Alilia bila sauti, mabega tu yanacheza.

"Mjomba, si wewe," nikasema. "Ni mimi na mdomo wangu."

"Nimemuua dada yangu kwa dumu," akasema.

"Usiseme hivyo. Tutapata gari."

Nikasimama barabarani. Nikapunga mkono, nikapunga shati. Malori yakapiga honi yakapita. Gari dogo likapunguza mwendo, dereva akautazama ule moshi uliobaki, akautazama mkono wangu wenye masizi, akaongeza mwendo. Basi likapita limejaa, kondakta akanionyesha ishara kwamba hata pa kusimama hakuna. Mwingine alisimama, akashusha kioo.

"Mna shida gani?"

"Mama ni mgonjwa, tunaomba utufikishe hospitali ya mjini."

Akamtazama Mama, namna anavyohema. "Akinifia humu?"

"Hakufii."

"Utaniandikia?" Akapandisha kioo, akaenda zake.

"Mwanangu," Mama akaita. "Njoo."

Nikaenda nikachuchumaa mbele yake. Uso ulikuwa umevimba, macho yamekuwa madogo, lakini ni yale yale. Nikajaribu.

"Usijali, Mama. Nikikosa gari nitakubeba. Nina nguvu, ni akili tu ndiyo haba."

Hakucheka. Mama yangu ambaye alicheka daktari alipomwambia kuhusu figo, hakucheka.

"Sitaki tena," akasema.

"Hutaki gari? Hata mimi silitaki."

"Sitaki mashine."

Lori likapita, likatutimulia vumbi. Nilingoja lipite nikidhani nimesikia vibaya.

"Mtazame mdogo wangu yule," akasema. "Alikuwa na kazi yake. Watu wanapanga foleni mlangoni kwake na magunia, wanamwamkia. Sasa analia barabarani na mikono michafu. Na wewe ulikuwa unakwenda chuo. Sasa unakwenda gereji. Mimi ndiye ninayewanywa nyie."

"Mama, leo ukikosa..."

"Najua nikikosa. Sista aliniambia mimi kabla ya kukwambia wewe."

"Basi kama unajua..."

"Nataka nikalale kwangu. Kile kiti chao kinanichoma mgongo, na nikitoka pale najua siku mbili tatu narudi, na safari nzima nakuona wewe unasikiliza injini. Huniangalii, unasikiliza injini. Nimechoka kusikilizwa kwa sikio la gari." Akanishika shavu kwa mkono wa baridi. "Usinishike kwa nguvu, mwanangu. Umesikia?"

Nilikuwa natafuta neno, mimi niliyekuwa sijawahi kulitafuta, na simu ikaita.

Ilikuwa sista. Nikainuka, nikaziba sikio moja, nikasogea mbali na malori, nikampa mgongo Mama, na Mjomba aliyekuwa ameshasogea karibu yetu.

"Mko wapi? Saa yake inapita."

"Tumeharibikiwa, sista. Tuko mlimani, gari limekufa, hakuna anayetuchukua, na Mama anasema..."

"Mlimani wapi? Pale penye kona kubwa na mnara wa simu?"

Nikainua macho. Mnara ulikuwa juu yangu. "Hapo hapo."

"Usikate." Nikamsikia anaongea na mtu mwingine, sauti za haraka haraka. Akarudi. "Nisikilize vizuri. Gari letu la wagonjwa lilimpeleka mtu huko nyuma yenu, sasa hivi linarudi tupu, linakuja huku. Limeshaukaribia mlima. Nimempigia dereva, atawachukua. Mgonjwa wa kabla yake leo hakuja, nimemwekea mama yako mashine hiyo. Simameni upande wa kuja huku, muonekane. Umeelewa? Upande wa kuja huku."

Wasomaji wangu, tangu nimeanza kuwasimulia mikosi hii hakuna kitu kilichowahi kuja tupu kikiwa kinaelekea ninakokwenda.

"Mama!" nikapiga kelele nikigeuka. "Mama, tumepata!"

Ukingoni hapakuwa na mtu. Palikuwa na mmoja tu wa ile mito ya kuegemea.

Nikatafuta kushoto, nikatafuta kulia. Malori mawili yalikuwa yanapishana mbele yangu, yanapanda na kushuka, marefu, hayaishi. Yalipomalizika nikaona ng'ambo ya barabara.

Gari dogo jeupe lilikuwa limesimama, pua yake imeelekea nyumbani tulikotoka. Mlango wa nyuma uko wazi. Mama alikuwa ameinama anaingia, polepole, kama anavyoshuka ngazi. Na aliyemvusha, sasa akimshikia mlango, mikono yake yenye oili imeacha alama kwenye rangi nyeupe, alikuwa Mjomba.

Aliniona. Alinitazama kupitia katikati ya magari yanayopita, akatikisa kichwa mara moja, kunikataza nisivuke.

Nyuma yangu, chini ya mlima, king'ora kikaanza kusikika.

"Kijana?" sista akaita kwenye simu. "Kijana, dereva anasema ameiona kona. Lakini anasema anamwona mtu mmoja tu, kijana. Mama yako yuko wapi?"